Mzani Kwanza, Mapenzi Baadaye

Mwezi huu naomba usikimbilie kurasa za mitindo ukiona neno nyoka. Najua wadada wengine hapo mshapandisha miguu juu ya kochi, lakini tulieni. Habari yenyewe ni ya uzazi, na inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Sisi wa Babati nyoka si wageni kwetu. Nenda Tarangire, hapo jirani, utaonyeshwa chatu waliojiviringisha juu ya miti kama kamba iliyosahauliwa. Ila anachopitia chatu jike akitaka kuzaa, wengi hatukijui. Profesa Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, aliwafuatilia chatu wa kule kwa vifaa vya redio kwa miaka 7, na mwaka 2018 akachapisha aliyoyaona. Dume mmoja alimfuata jike kwa miezi 3, mwendo wa zaidi ya kilomita 2. (Wakaka mnaokata tamaa baada ya meseji mbili zisizojibiwa, mpo?) Lakini mambo yakishakamilika, bwana harusi haonekani tena. Jike anageuka rangi na kuwa mweusi, anaota jua kwenye mdomo wa shimo la mhanga mpaka mwili unakaribia nyuzi 40, halafu anarudi ndani kuwapelekea mayai joto lile. Watoto wakianguliwa anakaa nao kama wiki 2 hivi. Muda wote huo, zaidi ya miezi 6, hali kitu! Anapoteza kama asilimia 40 ya uzito wake. Ndiyo maana hawezi kuzaa kila mwaka, inabidi angoje miaka 2 au 3.

Hebu piga hesabu. Mwanamke wa kilo 60 ukimtolea asilimia 40, anabaki na kilo 36. Hapo hata kanga haishiki.

Kwa hiyo anayefuga nyoka na anataka kuwazalisha kwa mara ya kwanza, kazi yake kubwa haipo siku ya kuwakutanisha. Ipo mwaka mzima kabla, na ipo kwa jike.

Somo hili nimelipata kwa shemeji yangu mmoja hapa Nangara, mume wa shosti wangu. Kazi yake ni kutembeza watalii, na chumba cha uani amekifanya makazi ya nyoka wawili, dume na jike. Si chatu, jamani. Ni wale wadogo wanene wa mchangani, wenye mabaka ya kahawia juu ya rangi ya chungwa, ambao kitaalamu huitwa Eryx colubrinus. Hawana sumu. Wapo kuanzia Misri, Sudan na Ethiopia mpaka Kenya na huku kwetu kaskazini mwa Tanzania, ila wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawaita nyoka wa Kenya. Ndiyo hivyo, kama Mlima Kilimanjaro! Huko ni kitu cha kawaida kabisa, mtu anamweka kwenye boksi la kioo pembeni ya televisheni.

Na kabla hamjaanza kuniandikia: kibali anacho. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 iko wazi kwamba mnyamapori ni mali ya umma, huwezi kumwokota shambani ukasema ni wako. Biashara ya kuwasafirisha wakiwa hai kwenda nje nayo ilipigwa marufuku mwaka 2016, kwa hiyo akitokea mtu anakupigia hesabu za dola, mwombe karatasi kwanza.

Tuje kwenye mzani. Shemeji ana mzani mdogo wa jikoni, ule wa kupimia unga wa keki, na daftari. Nyoka hawa hawatagi, wanazaa watoto hai, na jike anabeba mimba kwa miezi 4 hadi 6. Mara nyingi katika muda huo anasusa chakula. Asipokuwa na akiba ya mafuta mwilini anaweza kuzaa watoto wafu, au watoto wakakwama na mwenyewe akafa. Wafugaji wazoefu wanataka jike awe na miaka kama 3 na gramu 300 au zaidi. Dume ni kijitu tu, hata chini ya gramu 100 anaitwa baba. Na si kwamba unamshindilia panya wawili wawili ili afike haraka, hapana. Jike aliyenenepeshwa kwa pupa naye ana matatizo yake. Ni mlo wa kiasi, kila baada ya siku 7 hadi 10, kwa miezi mingi.

Siku niliyopita kwao, mzani ulisoma 260. Shemeji akaandika, akafunga daftari. "Mwaka huu hapana," akasema. "Hajafika. Tunasubiri msimu ujao."

Shosti wangu alikuwa anachambua mchele. Akaniambia bila kuinua kichwa: "Unaona shoga? Nyoka anapimwa kila Jumapili. Mimi nimeolewa mwaka sasa, mama mkwe kila akipiga simu anauliza vipi, bado? Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimewahi kupima wingi wa damu."

Kimya! Shemeji alibaki ameshika kalamu.

Msomaji, mimi sikucheka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Karibu nusu! Maana yake katika kila harusi mbili mnazochangia, kuna uwezekano bibi harusi mmoja anaanza maisha akiwa hana damu ya kutosha, na kamati inajadili keki. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, tangu siku anapoanza kutafuta mimba mpaka wiki ya 12, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unajitengeneza mapema sana, wakati mwingine mama mwenyewe hajajua. Wengi wetu tunaanza kliniki tumbo likishaonekana. Shirika hilo hilo linashauri pia baada ya kujifungua ipite miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Chatu hajasoma popote na anatekeleza.

Wale wawili walikwenda pamoja hospitali wiki iliyofuata. Pamoja, nasisitiza, maana kundi la damu, selimundu, kaswende na VVU havipimwi kwa mke tu. Damu ya shosti ilikuwa chini, akapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, akaambiwa arudi kupima tena kabla ya kufikiria mtoto. Na simu ya mama mkwe siku hizi anapokea shemeji mwenyewe. Kwangu hilo ni penzi kubwa kuliko maua ya Valentine.

Nirudi kwa nyoka, maana kuna wasomaji najua wameshavutiwa. Dume mgeni akiletwa, usimwingize moja kwa moja. Mweke chumba chake kwa miezi kama 3, umchunguze utitiri kwenye magamba na makamasi mdomoni. Jike naye akishafika uzito, wengine hupunguza kidogo joto la usiku kwa wiki kadhaa ili mwili ujue msimu umebadilika, lakini kabla ya hapo chakula kinasimamishwa kama wiki 2. Nyoka akipoa na panya tumboni, panya anaoza humo humo.

Siku ya kuwakutanisha, dume ndiye anayepelekwa kwa jike. Na punguza mchanga! Jike wa aina hii akiwa hataki usumbufu anajifukia, dume anabaki kuchimba kama fundi bomba. Wasilishwe wakiwa pamoja, wasije wakagombea panya mmoja. Mimba ikishaingia, jike aachiwe kona ya joto saa zote, atajipimia mwenyewe.

Watoto wanakuja na urefu wa sentimita 20 hivi, mara nyingi zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja, na baada ya kujivua gamba la kwanza kila mmoja anataka boksi lake na kipanya kichanga. Kwa hiyo maboksi yanahesabiwa kabla dume hajaingia mlangoni. Shemeji ameshapata sita, ya plastiki, yale ya kuhifadhia vyakula. Shosti anasema mengine atayatafuta wapi hajui, kabati lake la vyombo limeshafungwa kwa kufuli.