Siri Si Dhambi

Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN, njia ya intaneti inayofunika mawasiliano yasisomwe njiani, wajiandikishe kufikia tarehe 30. Sikuridhika. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, ratiba niliibandika ubaoni; mitihani niliifungia kabatini. Hakuna aliyeniita mhalifu. Mjukuu wangu alipojenga seva yake ya VPN alifanya vivyo hivyo: maelekezo yote kayaandika wazi katika faili moja, maneno ya siri kayafunga kwa ufunguo. Wahalifu wamo, sikatai. Lakini mwizi mmoja akijificha chini ya mwavuli, je, Kyela yetu yenye mvua iandikishe miavuli yote? Anayetaka bahasha zote zifunguliwe, aanze na yake.