Tusome Kwanza, Ndipo Tujibu



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la Chama, nipate kuwaeleza makarani wenzangu jambo lililotokea katika ofisi moja niijuayo sana, kwa maana naona lawahusu wote wakaao chumba kimoja na watu wa dini nyingine.

Twajua sote kwamba katika nchi yetu karatasi kuukuu haitupwi upesi. Ikiisha kazi yake ya kwanza huenda sokoni ikafunga karanga au vitumbua. Basi siku moja, saa nne ya chai, tulinunua karanga kwa mtoto apitaye langoni. Nilipofungua zangu, nikaona zimefungwa kwa ukurasa wa Biblia, katika Kitabu cha Isaya. Nalisema "Loo!" nikaendelea kutafuna. Karani mwenzangu, Mkristo kama mimi, alighadhibika, akataka mtoto yule akatazwe asionekane tena langoni. Lakini mzee wetu wa masijala, ambaye ni Mwislamu, aliutwaa ukurasa ule mkononi mwangu, akaukung'uta chumvi, akaunyosha kwa kiganja, akauweka juu ya kabati. Nilipomwuliza sababu, alijibu, "Humu limo jina la Mungu, mwanangu."

Ukurasa ni mmoja, na mioyo ni mitatu. Nami siku ile nalijisifu kimoyomoyo kwamba ni mtu mpole.

Haikupita miezi miwili, tarishi wetu, alipokuwa akipita na majalada mikononi, alikanyaga karatasi yenye maandishi ya Kiarabu iliyokuwa sakafuni. Karani mmoja kijana, Mwislamu mwenye bidii ya dini, aliona, na moyo ukamwaka. Akamkaripia tarishi mbele ya watu waliokuja na shida zao, kisha akaketi akaandika barua kwa Mkuu, kuomba mtu yule aachishwe kazi. Mzee wa masijala akaiokota karatasi, akavaa miwani, akaisoma polepole hata mwisho. Kumbe ni karatasi ya sanduku la tende, yaeleza uzito wake na namna ya kuzihifadhi!

Laiti ningalinyamaza. Kijana alikuwa amekwisha kunyosha mkono aichukue barua yake, airarue. Mimi nikacheka kwa sauti, nikasema kwamba leo tende zimekuwa msahafu. Ofisi nzima ikacheka. Kijana akaurudisha mkono, na barua ikaenda. Tarishi, mtu mwenye watoto wanne, akaandikiwa ajieleze, na kabla mwezi haujaisha akahamishwa kituo cha mbali. Mzee akaniambia neno nisilolisahau: "Karatasi imesomeka, mwanangu. Je, kicheko chako tukisomeje?"

Tangu hapo nimeuchunguza upole wangu wa siku ya karanga. Nikakumbuka mtu mmoja aliyeweka kikombe cha chai juu ya Biblia yangu mwenyewe, kikaacha duara katika jalada, nami nikamnunia siku tatu. Kumbe ukurasa wa karanga haukuwa wangu, ndiyo sababu nalistahimili! Mtu hapati sifa ya ustahimilivu kwa jambo lisilomchoma.

Makosa haya mawili, yaani kukasirika kabla ya kusoma, na kuicheka hofu ya mwenzio, hayakuanza katika ofisi yetu. Katika Bara Hindi, mwaka 1857, askari wenyeji wa jeshi la Kampuni ya Waingereza walisikia kwamba risasi za bunduki mpya, zilizofungwa katika karatasi na kufunguliwa kwa meno, zilipakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Wahindu walimheshimu ng'ombe, na Waislamu walimwona nguruwe najisi, basi wote wawili waliumia. Huko Meerut askari 85 walikataa kupokea risasi walizopewa. Badala ya kusikilizwa walihukumiwa kifungo, na tarehe 9 Mei wakavuliwa sare na kutiwa minyororo mbele ya wenzao. Kesho yake wenzao wakaasi, na vita ikaenea. Sisemi kwamba vita ile ilikuwa na sababu moja tu. Nasema kwamba hofu ya mtu ni jambo la kusikilizwa, hata kama wewe waiona ndogo.

Upande wa pili tuliuona kwetu wenyewe. Huko Mbagala, Dar es Salaam, mwezi wa Oktoba 2012, watoto wawili walibishana juu ya dini, na mmoja akaikojolea Kurani. Lilikuwa tendo baya, na uchungu wa Waislamu wafahamika. Lakini watu walikusanyika kituo cha polisi wakitaka wapewe mtoto yule, kisha makanisa yakavunjwa na kuchomwa, ingawa waliosali humo hawakuwapo katika ubishi ule.

Sheria yenyewe hutufundisha utaratibu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 125, humtia hatiani achafuaye kitu kilicho kitakatifu kwa watu fulani, lakini sharti awe na nia ya kuitukana dini yao, au awe amejua kwamba yaelekea watalihesabu kuwa tusi. Basi sheria huuliza habari za moyo wa mtendaji kabla ya kumwadhibu. Tarishi wetu alikuwa na nia gani, naye majalada yalimziba macho asione hata miguu yake?

Ndugu zangu, hakuna karani ajibuye barua asiyoifungua. Huipokea, huisoma, hulitazama jalada lake, ndipo huandika dokezo. Mbona kosa la dini twalijibu lingali limefungwa? Aliyeumizwa na aulize kwanza: Ni kitu gani hiki? Aliyekitenda alijua? Na barua yangu itamwangukia nani? Na asiyeumizwa asijidhani kuwa mwamuzi. Maumivu ya mwenzake nayo ni barua, ayasome kabla ya kufungua kinywa.

Kijana yule nimekwisha kumwomba radhi, naye amenipokea. Sote wawili tumemwandikia Mkuu kueleza mambo yalivyokuwa, na kuomba tarishi arudishwe. Jibu halijaja. Ukurasa wa Isaya ungali juu ya kabati, na kila nipitapo hapo naukumbuka mkono ule uliorudi nyuma kwa ajili ya kicheko changu.

Ni mimi,
Karani mwenzenu