Mistari Iliyokataliwa Isomwe Mwaloni



Madaftari yetu ya ada yanaingizwa katika kompyuta. Sisi hatupingi, mchwa wamekwisha kula mengi. Neno letu ni juu ya upakiaji.

Majina hutolewa daftarini, husawazishwa, kisha hupakiwa kwa mkupuo katika majedwali. Majedwali hayo yamefungamana. Mstari wa mwanachama una namba ya mkoa, na namba hiyo sharti iwemo katika jedwali la mikoa. Isipokuwemo, mstari unakataliwa. Sasa itazameni Rumonge. Hadi 2015 ilikuwa komini ya mkoa wa Bururi. Mwaka huo ukaundwa mkoa wa Rumonge. Mwaka 2025 mikoa 18 ikafanywa 5, nasi tukawa Burunga. Mvuvi aliyeandikishwa 2010 hajahama hata hatua moja, lakini amepita mikoa mitatu! Jedwali likiwa na mikoa mipya tu, mstari wake hauna pa kushika.

Vyombo vingine hukataa shehena nzima kwa kosa la mstari mmoja. Basi fundi mwenye haraka huviamuru viruke mistari mibovu, na kioo kinaandika kwamba kazi imekwisha. Walioachwa nje ndio waliolipa ada miaka mingi kuliko sisi sote. Siku mmoja wao akifariki, mjane atadai msaada wa msiba, na kompyuta haimjui marehemu.

Tena kuna majina. Mashine ikiambiwa iondoe yaliyojirudia, akina Niyonzima wawili wa pwani moja wanakuwa mtu mmoja, hata kama mmoja anavua na mwingine anakamua mawese.

Ndagala hawatoki wavuni wakaingia guniani. Hutandazwa juani kwanza, wakachambuliwa. Majina nayo yatandazwe katika jedwali la kungojea, lisilo na masharti, yakaguliwe humo. Jedwali la mikoa liwe na ya zamani pia, pamoja na miaka yake. Kisha tuhesabu: mistari iliyotoka daftarini iwe sawa na iliyoingia pamoja na iliyokataliwa.

Na hiyo iliyokataliwa isomwe kwa sauti mwaloni, asubuhi mitumbwi ikirudi, wenyewe wakiwepo. Kabla ya hapo, sisi hatutoi ufunguo wa kabati la madaftari.