Alama ya ndege ya jeshi si siri ya jeshi

Wadau, leo nina swali moja ambalo linaweza kuonekana la kizushi. Ndege ya kijeshi ikipita juu ya Tukuyu sasa hivi, mawingu yakiwa yamefunguka kidogo juu ya Mlima Rungwe (jambo ambalo wenyeji mnajua halitokei kila siku), utajuaje kwamba ni yetu?

Nimewauliza watu kadhaa hapa mjini. Kijana mmoja pale stendi akanijibu, "Ikipita bila kudondosha kitu, ni yetu." Tukacheka. Lakini mwalimu mmoja mstaafu alishusha sauti kabisa: "Mwanangu, hayo mambo ya jeshi. Achana nayo."

Jibu la kijana lilinichekesha. La mwalimu ndilo lililonifanya niandike.

Hebu tufikiri pamoja. Kwenye ndege ya jeshi kuna vitu vingi ambavyo ni siri na vinastahili kuwa siri: silaha iliyobeba, inakokwenda, rada yake inaona umbali gani. Lakini ile alama iliyochorwa ubavuni na kwenye mabawa ilibuniwa kwa kazi moja tu, nayo ni KUONEKANA. Ukiifanya kuwa siri umeiua.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1912 Wafaransa ndio waliotangulia kuamuru ndege zao za jeshi ziwe na duara la rangi: bluu katikati, nyeupe, halafu nyekundu nje. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Waingereza wao walichora bendera yao chini ya mabawa. Tatizo likaja haraka. Ndege ikiwa juu, rangi nyingine zinafifia na kinachoonekana ni ule msalaba wa katikati ya bendera. Wajerumani nao walikuwa wanachora msalaba! Askari aliye kwenye handaki hana muda wa kuchunguza, anafyatua tu. Kabla mwaka haujaisha Waingereza wakachukua duara la Wafaransa na kugeuza mpangilio wa rangi, nyekundu ikaingia katikati na bluu ikaenda nje.

Kwa hiyo alama hizi hazikuzaliwa kwa sababu ya mapambo wala sifa. Zilizaliwa kwa sababu watu walikuwa wanauawa na wenzao.

Vita hiyohiyo ilifika huku. Tukuyu wakati huo iliitwa Neu-Langenburg, na mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliyotokea upande wa Nyasaland na Rhodesia yaliitwaa kutoka kwa Wajerumani. Kule pwani, ndege za Waingereza zilizokuwa na kituo Mafia ziliongoza mizinga dhidi ya meli ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, hadi ikaangamizwa Julai 1915. Hakuna mtu wa Rufiji wala wa Rungwe aliyeelezwa ndege ni ya nani na inataka nini. Vita ilikuwa ya wengine, juu ya vichwa vyetu.

Vita ya pili ikaja na somo lilelile. Mwaka 1944 vijana wa Tanganyika wa KAR walikuwa Burma, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakisonga mbele kwenye bonde la Kabaw katikati ya masika na malaria. Barabara zilikuwa matope matupu, chakula na risasi vikadondoshwa na ndege. Katika eneo lile duara la Waingereza lilikuwa limeondolewa nyekundu kabisa na kubaki na bluu mbili, iliyokolea na iliyofifia. Sababu ni kwamba ndege za Japani zilikuwa na duara jekundu, na jicho lenye hofu likiona chembe ya nyekundu halisubiri. Wamarekani nao walifuta kidoa chekundu katikati ya nyota yao Mei 1942. Rangi moja ndogo ilitosha kumfanya askari ampige anayemletea chakula.

Sasa nisogee karibu na nyumbani zaidi, maana kuna alama moja ambayo sisi wa Rungwe tulipaswa kuijua kuliko wengine.

Mwaka 1953 Waingereza waliunganisha Rhodesia ya Kusini, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland kuwa Shirikisho moja. Jeshi la anga la Shirikisho hilo liliweka katikati ya duara la Kiingereza mikuki mitatu midogo, kila nchi na mkuki wake. Kwenye karatasi inapendeza. Waafrika watatu, mikuki mitatu, umoja! Ila Waafrika wenyewe wa Nyasaland walikuwa wanalipinga Shirikisho hilo kwa nguvu zote. Machi 3, 1959 ikatangazwa hali ya hatari. Dk. Hastings Banda akakamatwa na kupelekwa kufungwa Gwelo, Rhodesia ya Kusini. Siku hiyohiyo watu wapatao ishirini waliuawa kwa risasi Nkhata Bay. Na ndege za Shirikisho, zile za mikuki mitatu, zilikuwa angani zikibeba askari na kudondosha vipeperushi.

Nyasaland ni wapi? Ni hapo ng'ambo ya mto Songwe, chini ya Kyela, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe. Wangonde wa Karonga ni ndugu wa Wanyakyusa, tunaoleana na kuzikana hadi leo. Jaribu kupata picha: mtu yuko shambani Karonga, anatazama juu, anaona ndege yenye mkuki unaodaiwa kuwa ni wake, inaleta askari wa kumkamata mwanawe. Huo mkuki ulikuwa wa nani?

Shirikisho likavunjika mwisho wa mwaka 1963. Ndege zikabaki na mkuki mmoja. Mwaka 1970 utawala wa Ian Smith ukaufuta na huo, ukaweka simba mwenye pembe ya ndovu. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 simba naye akaondoka. Rangi zilibadilishwa kila mara wenye kumiliki brashi walipobadilika. Waliokuwa chini hawakuulizwa hata mara moja.

Ndiyo maana mimi napenda sana alama ya kwetu, na hapa nazungumzia herufi mbili tu: JW.

Jeshi la Wananchi lilianzishwa Septemba 1, 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka ule. Wajerumani Magharibi ndio waliokuwa wanatusaidia kuanzisha kikosi cha anga. Mwaka 1965 wakaondoka, kwa sababu Mwalimu alikataa kupangiwa uhusiano wake na Ujerumani Mashariki. Kanada ikaja na ndege za Otter na Caribou pamoja na wakufunzi. Baadaye China ikaleta ndege za kivita, kisha zikaja MiG za Kirusi. Ndege za kila kabila! Lakini namba za ndege zetu zilitanguliwa na JW. Hakuna mkuki wa kuazima wala simba wa mtu. Kwa Kiswahili, wazi, mwenye mali ametajwa: wananchi.

Sasa mwananchi mwenyewe anaijua?

Wakati wa vita ya Kagera tulionja gharama ya kutotambuana. Sisi na Idi Amin tulikuwa tunaruka ndege za ukoo mmoja. Yeye alikuwa na MiG-17 na MiG-21, sisi tulikuwa na MiG-21 na toleo la Kichina la MiG-17. Umbo lilelile, mlio uleule. Mwaka 1978, vita ikiwa mbichi, wapiga mizinga wetu walitungua ndege zetu wenyewe wakidhani ni za adui. Si sisi pekee yaliyotukuta. Usiku wa Julai 11, 1943 kule Sicily, mizinga ya Wamarekani na wenzao iliangusha ndege 23 kati ya 144 zilizobeba askari wa miamvuli wa Marekani. Ndiyo maana mwaka uliofuata, walipovuka kwenda Normandy, ndege zao zilipakwa mistari mipana myeusi na myeupe. Wao walizungumza, wakaandika, wakapaka rangi. Sisi tulikaa kimya, na vijana wengi wa rika langu hawajawahi hata kusikia.

Kuna atakayesema: "Kaka, siku hizi kuna mitambo, ndege zinatambuana kwa redio, rangi ya nini?" Ni kweli, na majeshi mengi siku hizi yamefifisha alama zao kuwa kijivu juu ya kijivu ili rubani adui asizione. Lakini mtambo unamjulisha mwanajeshi. Mama wa Masoko aliye kwenye mgomba wake hana mtambo, ana macho. Alama ndiyo sehemu pekee ya ndege inayozungumza naye. Angalia Darfur mwaka 2007: wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti ndege ya serikali ya Sudan iliyopakwa rangi nyeupe na kuandikwa "UN" kwenye bawa. Unaelewa maana yake? Mwanakijiji anaona nyeupe anajua msaada umefika, anatoka nje badala ya kukimbia. Alama ikidanganya, anayelipa ni raia.

Ndiyo sababu kanuni zilizoandikwa The Hague mwaka 1923 zilitaka ndege ya jeshi ibebe nje alama inayoonyesha taifa lake. Hazikuwahi kuwa mkataba rasmi, lakini wazo lake ni safi: anayekuja na silaha juu ya kichwa cha mtu ajitambulishe.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Watoto wa hapa Tukuyu wanachora nembo za Simba na Yanga macho yamefumba. Wachore na ya jeshi lao. Jeshi na Makumbusho ya Taifa watuwekee hadharani historia ya alama za ndege zetu, ikiwa pamoja na ile siku ya 1978, na bango moja lipelekwe kila shule ya sekondari. Hakuna siri itakayovuja. Adui alishaijua alama yetu zamani. Asiyeijua ni yule ambaye jina lake limeandikwa pale kwa herufi W.

Na mwalimu wangu, kwa heshima zote: shikamoo, lakini siachani nayo.