Tangi Kubwa si Safari Ndefu

Naanza kwa kuungama. Mimi ni mwalimu wa uhandisi wa mitambo. Nilikaa Ujerumani miaka minne nikiandika tasnifu ya shahada ya uzamivu juu ya uchomaji wa mafuta ndani ya injini. Hata hivyo, wakati wa likizo ya chuo, niliishiwa petroli kwenye mwinuko mmoja kabla ya kufika Endasak, wilayani Hanang, nikiwa juu ya pikipiki niliyoifunga tangi kubwa kwa madhumuni hasa ya kutoishiwa petroli.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi mno. Nilijaza lita 17 Dodoma. Kijitabu cha kiwanda chasema lita moja yatosha kilomita 25, na 17 mara 25 ni 425. Kutoka Dodoma hadi Babati kwa barabara ya lami iliyozinduliwa mwaka 2018 ni kilomita 251, na kutoka Babati hadi Endasak si mbali. Basi nikavipita vituo vya mafuta vya Babati kwa majivuno, nikashika barabara ya Katesh na Singida, mlima Hanang ukiwa mbele yangu na upepo ukinipiga kifuani. Kilomita chache kabla ya Endasak injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda. Alisimama, akanisalimu, "Shikamoo mzee, imezima?" Nikamjibu kuwa imekauka. Alikuwa amening'iniza dumu la lita tano kwenye usukani, na mkobani mwake alikuwa na chupa ya maji iliyojaa petroli. Akanimiminia ile chupa, akaitazama pikipiki yangu pamoja na masanduku yake mawili ya bati, kisha akasema kwa adabu, "Mzee, chombo hiki kinakunywa." Yeye, kwa tangi lake la lita 11, huenda na kurudi kwa abiria siku mbili tatu, na kwa hesabu yake hupata kilomita zaidi ya 400. Mimi kwa lita 17 nilikuwa nimepata kama 300.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kulisema. Mtu akiulizwa jinsi ya kuongeza masafa ya pikipiki, neno la kwanza atakalotamka ni tangi. Neno hilo lilipaswa kuwa la pili. La kwanza ni kani, na kani hufundishwa katika shule zetu zote za sekondari, ila aghalabu kwa mfano wa kipande cha mbao kinachoburuzwa juu ya meza, mfano ambao mwanafunzi huuacha palepale darasani kengele inapolia.

Tuichukue pikipiki ya yule kijana. Chombo, dereva na vikorokoro vyake ni kilo 200 hivi. Juu ya lami tairi hudai kani ya kuviringika iliyo takriban asilimia 2 ya uzito, yaani nyutoni 39. Hewa nayo hudai ushuru wake, na ushuru huo huongezeka kwa mraba wa mwendo: mwendo ukizidishwa mara mbili, kani ya hewa huzidi mara nne. Kwa kilomita 50 kwa saa, dereva aliyekaa wima husukumwa nyuma na hewa kwa nyutoni kama 61. Jumla ni nyutoni 100, maana yake kila kilomita yahitaji kilojuli 100 kwenye gurudumu. Lita ya petroli ina megajuli kama 32, lakini injini ndogo hutupa nyingi kama joto, na tukisema moja ya tano tu hufika kwenye gurudumu tumebakiwa na megajuli 6.4. Gawanya: lita moja, kilomita 64. Sasa mwache aende kilomita 80 kwa saa. Hewa pekee yadai nyutoni 157, jumla 196, na lita ileile haifiki kilomita 33. Tangi halikupungua hata tone, barabara ni ileile, na masafa yamekatika nusu. Bila shaka hesabu hii imerahisishwa. Ufanisi wa injini haukai mahali pamoja, tena kuna milima, abiria na kusimama kila mara, ndiyo maana kijana hapati 64 bali arobaini na kidogo. Lakini sura ya jambo ndiyo hiyo.

Na mimi je? Nilikuwa na kilo 280, masanduku mawili yaliyotanua kifua cha chombo kama milango iliyoachwa wazi, na kilomita 95 kwa saa. Msomaji mwenye kalamu na apige mwenyewe: achukue eneo la kukinza hewa kuwa moja na theluthi ya lile la kijana. Atapata kama kilomita 18 kwa lita, ambazo mara 17 ni 306. Fizikia haikunionea.

Endasak ina jambo jingine ambalo wa Pwani hawalijui. Iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho densiti ya hewa ni kama asilimia 86 ya ile ya Dar es Salaam. Hewa nyepesi hupunguza ukinzani kidogo, na hiyo ni faida. Lakini kabureta haina akili ya kujua kwamba imepanda mlima. Jeti yake, yaani kile kitundu chembamba cha shaba kinachopitisha petroli, huendelea kutoa karibu kama ilivyokuwa ikitoa bondeni, ilhali hewa imepungua. Mchanganyiko unaotakiwa ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Huku juu petroli huzidi kwa asilimia 7 au 8, na ziada hiyo hutoka kwenye bomba kama moshi mweusi. Ongeza vumbi lililoziba chujio la hewa, na hali huwa mbaya zaidi. Fundi anayejua kusoma rangi ya plagi ataona masizi meusi makavu, na dawa yake ni jeti ndogo kidogo na chujio safi. Gharama ya vitu hivyo viwili ni ndogo mno ukilinganisha na tangi.

Nisieleweke kwamba nayabeza matangi makubwa. Waliovuka Sahara katika mashindano ya Paris–Dakar, yaliyoanza Desemba 1978, walihitaji petroli nyingi kwa sababu jangwani hapana kituo, na viwanda vikajifunza kwao. Yamaha ilitoa XT 600 Z Ténéré mwaka 1983 ikiwa na tangi la takriban lita 30. Lita 13 za nyongeza ni kilo kama 10 tu, na kilo 10 hazimtishi mtu. Tena tangi la chuma lililofungwa barabara, lenye kifuniko na tundu la kupumulia, ndilo mahali salama kuliko pote pa kubebea petroli juu ya pikipiki. Kosa langu halikuwa tangi. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba tangi limenipa ruhusa ya kusahau mengine.

Kinachonikosesha usingizi ni lile dumu na ile chupa. Kutoka barabara kuu kuelekea Basotu au bonde la ziwa Balangida vijiji ni vingi na vituo vya mafuta ni haba, kwa hiyo petroli husafiri kwenye madumu yaliyokuwa ya mafuta ya kula, huuzwa kando ya njia kwenye chupa za maji, na usiku huingizwa ndani isiibwe. Sheria yakataza, na watu wanajua kuwa yakataza. Lakini mwenye mgonjwa saa nane za usiku haulizi sheria, huuliza nani ana petroli, na kwa hilo simlaumu.

Wanafunzi wengi wanadhani petroli huwaka. Kimiminika chenyewe hakiwaki. Mvuke wake ndio uwakao, nao hutoka hata katika baridi kali kuliko yoyote iliyopata kuonekana Hanang, kwani petroli hutoa mvuke wa kuweza kuwaka hata chini ya nyuzi 40 za hasi. Mvuke huo ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Haupandi darini. Hutambaa sakafuni, palipo na jiko la mkaa, palipo na kibatari, palipo na godoro la watoto. Ikitosha asilimia moja na nusu tu ya mvuke ndani ya hewa, cheche moja yamaliza kazi. Lita moja iliyovujia sakafuni na kugeuka mvuke yote yaweza kuijaza hewa ya chumba cha meta 2 kwa 3 kwa kiasi hicho. Na dumu la plastiki lililojazwa hadi mdomoni asubuhi ya baridi halina budi kuvuja mchana: petroli lita 10 zikipata joto la nyuzi 25 zaidi hutanuka kwa karibu robo ya lita, na robo hiyo lazima ipate pa kwenda. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na watu wakaja na madumu yao. Waliopoteza maisha walizidi 100. Tulilia taifa zima. Lakini moto wa nyumba moja kijijini, wenye asili ileile, hauandikwi popote.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na wenye maoni mengine na wayalete. Kumwambia kijana wa bodaboda aache dumu bila kumpa kitu cha kushika badala yake ni kupoteza maneno. Apewe kwanza ujuzi wa kutolihitaji dumu mara kwa mara, halafu apewe chombo bora kwa siku ile atakapolihitaji. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, na CAMARTEC ya Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, zina wahandisi na karakana. Debe la chuma la lita tano, lenye kifuniko cha nyuzi na nafasi ya petroli kutanuka, linalofungwa kwa komeo kwenye kerea ya nyuma, si kazi ya kuagiza ng'ambo. Ni bati, rivu, na mchoro mmoja mzuri. Tahadhari moja kwa mafundi wetu: msichomelee kamwe tangi lililowahi kutiwa petroli kwa kuwa tu laonekana tupu. Tangi tupu lina mvuke, na ni hatari kuliko lililojaa.

Ziko pia hekima za vijiweni ambazo yafaa zikataliwe waziwazi. Kuzima injini na kuteremka mlima katika gia frii huokoa matone machache, na hunyang'anya chombo nguvu ya injini ya kupunguza mwendo, breki zikabaki peke yake. Kutia mafuta ya taa ndani ya petroli huifanya injini igonge na pistoni iungue. Hizo si njia za kuongeza masafa, ni njia za kuyakatisha.

Baba yangu alikuwa akisimulia jinsi katika miaka ile ya shida ya mafuta, baada ya bei ya dunia kupanda mwaka 1973 na tena 1979, magari ya watu binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane za mchana. Watu walijifunza uwekevu kwa amri. Petroli yetu hata leo ni ya kuagizwa yote, lakini amri hiyo haipo, na uwekevu nao umeondoka nayo.

Kesho yake pale Endasak nilimwomba yule kijana tufanye jaribio lisilohitaji hata tone la petroli, na mwalimu yeyote wa fizikia aweza kulifanya nje ya darasa. Tuliazima mizani ya kuning'iniza kutoka bucha. Tukaifunga kwa kamba mbele ya pikipiki yake, gia ikiwa frii, mwenzake akishika usukani, nami nikaivuta polepole juu ya lami tambarare nikisoma mshale. Mara ya kwanza mizani ilisoma kama kilo nne. Nikashangaa, kwa maana chombo peke yake hakikustahili kuzidi mbili na nusu. Kijana akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, akacheka. Tulijaza upepo mpaka kanieneo lililoandikwa ubavuni mwa mkono wa nyuma, tukapaka cheni mafuta, tukavuta tena, na mshale ukasimama karibu na mbili na nusu. Kisha tukavuta kwenye mchanga kando ya barabara, ukaruka kupita kumi.

Wenzake walikuwa wamekwisha kusanyika. Mmoja akauliza kama mizani ile yaweza kukaa kijiweni siku mbili hivi. Mwenye bucha akasema apewe kwanza ajira ya kupimia nyama asubuhi. Baada ya saa sita waje waichukue.