Fataki, Mwenge na hela ya mlipa kodi: tunapata nini?

Wadau, kuna swali ambalo huibuka kila ikikaribia Desemba 9, watu wanalijadili wiki mbili tatu vijiweni, halafu linakufa hadi mwaka mwingine. Hivi hela ya umma inayokwenda kwenye sherehe inaturudia kwa namna yoyote, au inapaa juu, inatoa mwanga sekunde kumi, tunasema "eeeh!", basi?

Naposema fataki sina maana ya yule jamaa wa matangazo ya redioni anayewinda mabinti wa shule. Nasema fataki zenyewe. Zanzibar wenzetu wanaziita fashifashi na wanazirusha usiku wa kuamkia Januari 12, Siku ya Mapinduzi. Huku bara serikali haina mazoea hayo sana. Sisi fataki zetu ni paredi, halaiki, magwaride, misafara ya magari na Mwenge wa Uhuru. Kwa hiyo nikiandika kutoka huku Nachingwea, ambako fashifashi tunaziona kwenye TV, swali ni lile lile ila limevaa nguo nyingine.

TUANZE NA NAMBA

Zuri la viongozi wetu ni kwamba mara kadhaa wamefuta sherehe na kututajia kiasi walichookoa. Bila kutaka wametupa bei.

Novemba 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akataka siku hiyo iwe ya usafi maana kipindupindu kilikuwa kimetuandama. Shilingi bilioni 4 zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam, kilomita 4.3. Mwaka 2018 akafuta tena, shilingi milioni 995 zikaanzisha Hospitali ya Uhuru kule Chamwino, Dodoma, na serikali ikaongeza nyingine juu yake. Mwaka 2020 zikawa milioni 835, zikaenda kwenye vifaa tiba. Mwaka 2022 Rais Samia naye akafuta, milioni 960 zikaelekezwa kujenga mabweni ya shule nane za watoto wenye mahitaji maalumu.

Jumlisha zote nne: kama bilioni 6.8.

Sasa hapa ndipo watu wengi tunapokimbilia kushangilia. Tulieni kwanza. Bilioni 4 kwa kilomita 4.3 ni kama milioni 930 kwa kilomita moja. Najua kupanua barabara ya Dar si sawa na kufungua ya porini, lakini tuichukue kama kipimo cha haraka haraka. Kwa bei hiyo, bilioni 6.8 zinakupa kilomita saba na kidogo. Kutoka Nachingwea mjini hadi Masasi ni kama kilomita 45. Yaani sherehe nne za kitaifa zilizofutwa hazikufikishi hata robo ya safari!

Juni 2023 serikali ilisaini mikataba ya barabara saba zenye jumla ya kilomita 2,035, na mojawapo ni yetu, Masasi–Nachingwea–Liwale, kilomita 175. Ukitaka kuijenga kwa kufuta sherehe za Uhuru za bei ya mwaka 2022, utafuta sherehe kwa miaka kama 170. Wajukuu wa wajukuu zetu watakuwa bado wanakula vumbi.

Kwa hiyo wanaosema "futeni sherehe tupate maendeleo" wanajidanganya kidogo. Sherehe haijafika kuwa ndiyo sababu ya umaskini wa nchi hii. Ila na wanaosema "hizo ni hela ndogo, acheni kelele" nao wanatudanganya. Milioni 960 gawa kwa mabweni nane, ni milioni 120 kila moja. Kwa mtoto asiyeona ambaye shule yake haina bweni, hiyo ndiyo tofauti ya kusoma na kutosoma. Hela ni ile ile. Ukiimwaga kwenye barabara inapotea, ukiiweka kwenye bweni inabadilisha maisha ya mtu.

Kuna jambo jingine kwenye hizo namba. Mwaka 2015 siku ya Uhuru ilikuwa igharimu bilioni 4. Mwaka 2022 siku hiyo hiyo, Desemba 9 ile ile, ni chini ya bilioni moja. Maana yake kukumbuka uhuru hakuna bei maalumu. Bei inapangwa na mtu anayeandaa. Akitaka kubwa inakuwa kubwa, akitaka ndogo inakuwa ndogo, na Uhuru hauongezeki wala haupungui.

MWENGE SASA

Paredi ya Uhuru ina bei moja inayojulikana. Mwenge ni habari nyingine.

Mwenge wa kwanza uliwashwa kileleni Kilimanjaro usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, na Luteni Alexander Nyirenda. Lilikuwa tukio moja, kijana mmoja na wenzake, mlima mmoja, na dunia nzima ikasikia. Leo Mwenge unawashwa Aprili na kuzimwa Oktoba 14, na katikati unakimbizwa kwenye halmashauri 195 za Tanzania Bara na Visiwani, ikiwemo Nachingwea na Ruangwa. Miezi sita na zaidi. Kila unapofika kuna msafara, mafuta, sare, chakula, jukwaa, muziki wa mkesha, posho.

Nani analipa? Hapa gharama inatawanyika. Kidogo kwenye bajeti ya halmashauri hii, kidogo ya ile, kidogo kwenye mfuko wa mkoa, na kingine kinaitwa "mchango". Tuseme kwa mfano tu kila halmashauri itumie milioni 20, mafuta na chakula na kila kitu. Zidisha mara 195. Ni bilioni 3.9, mara nne ya sherehe ya Uhuru iliyofutwa mwaka 2022. Kwa kuwa imekatwakatwa vipande 195, haionekani, na hakuna rais atakayeifuta kwa tamko moja apigiwe makofi.

Halafu huo mchango. Katika wilaya nyingi za nchi hii mwalimu, nesi, mwenye duka la spea, wote wanajua msimu wa Mwenge ukifika kuna karatasi inazunguka. Inaitwa hiari. Lakini hiari gani ya mwenye duka ambaye leseni yake inatolewa ofisi ile ile iliyoleta karatasi? Mtu anatoa elfu hamsini huku anatabasamu, akishatoka mgeni anasonya. Hiyo mimi naiita kodi isiyo na sheria wala risiti.

Na tusisahau kodi yenyewe inatoka wapi huku kwetu. Halmashauri za kusini zinaishi kwa korosho, ufuta na mbaazi. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3. Kisheria analipa mnunuzi, sawa, lakini mnunuzi si mjinga, anaupigia hesabu kabla hajaandika bei yake ya mnadani. Korosho za milioni mbili zina ushuru wa elfu sitini ndani yake. Kwa hiyo bibi aliyeokota korosho Naipanga ni mfadhili wa sherehe, ila hakuna mtu aliyemtumia kadi ya mwaliko.

WANAOUTETEA WANA HOJA

Tusiwe wachoyo. Wanaoutetea Mwenge na sherehe wanasema mambo matatu ya maana.

La kwanza, mradi unakamilika kwa sababu Mwenge unakuja. Ni kweli! Kila mtu anajua greda huonekana wiki mbili kabla. Zahanati iliyosimama mwaka mzima inapakwa rangi siku tatu. Na wapo viongozi wa mbio walioonekana wakikataa kuzindua mradi wa hovyo mbele ya watu. Lakini jamani, kama mradi unahitaji moto ili ukamilike, basi ugonjwa uko kwenye usimamizi. Tunaye Mkaguzi Mkuu, CAG, ambaye Katiba ibara ya 143 imempa kazi hiyo. Tuna madiwani. Tukimlipa mkaguzi, tukamlipa mhandisi, halafu tukaulipia na Mwenge uje kuwaamsha wote wawili, tumelipa mara tatu kwa kazi moja.

La pili, biashara. Mama ntilie anauza, bodaboda wanapata vichwa, gesti zinajaa. Kweli tupu. Ila ni kwa usiku mmoja, na sehemu ya hiyo hela imetoka mifukoni mwa wafanyabiashara hao hao kupitia mchango.

La tatu ndilo zito: taifa linahitaji kumbukumbu. Hili silibishi hata kidogo, na mtu wa Nachingwea ndiye wa mwisho kulibisha. Hapa ndipo Frelimo walipokuwa na kambi yao, Farm 17. Samora Machel alifundisha wapiganaji kwenye ardhi hii hadi Msumbiji ikawa huru mwaka 1975. Uhuru huku kwetu una jirani, una makaburi, una wazee waliowapisha wapiganaji njia na kunyamaza.

Sasa niambieni: kijana wa kidato cha pili wa Nachingwea anajua nini kuhusu Farm 17? Anaijua tarehe ya mkesha na jina la msanii aliyekuja kuimba. Tunalipia kumbukumbu na tunaletewa spika. Mzee mmoja akikaa darasani saa moja na wanafunzi hamsini anatunza historia kuliko msafara wa magari thelathini, na gharama yake ni nauli na soda.

TUMESHAWAHI KULIPUKIWA

Nachingwea tunajua kuliko wengi hela ya walipa kodi inavyoweza kwenda kwa ajili ya kuonekana. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Ekari zaidi ya milioni tatu, bajeti ya pauni milioni 25. Matrekta yakashushwa, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, reli ikaletwa mpaka huku. Lilikuwa onyesho la kisiasa kwa wapiga kura wa London. Januari 1951 likafutwa na hasara ya kama pauni milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli iking'olewa. Hizo ndizo fataki kubwa kuliko zote zilizowahi kulipuka kwenye wilaya hii.

Lakini angalieni kilichobaki: bandari ya Mtwara. Na angalieni kilichofuata kule kwao. Bunge lao lilibishana, takwimu zikatolewa, hasara ikatajwa hadharani kwa pauni. Ndiyo maana leo miaka zaidi ya sabini baadaye mimi naweza kukuandikia namba. Mwenge umepita hapa miaka mingapi? Niandikie namba zake za mwaka mmoja tu.

KUFUTA NAKO NI SIASA

Mwaka 2025 sherehe za Desemba 9 zilifutwa tena. Waziri Mkuu Mwigulu Nchemba alitangaza kwamba hela zitakwenda kukarabati miundombinu iliyoharibiwa kwenye vurugu za uchaguzi wa Oktoba 29. Wakati huo huo kulikuwa na wito wa maandamano siku hiyo, polisi wakayapiga marufuku, na Desemba 9 mitaa ya Dar ikawa mitupu huku vyombo vya dola vimetanda.

Hapo ndipo unaona kwamba sherehe kufutwa si lazima iwe ubahili mzuri. Mwenye uwezo wa kuamua tucheke lini ndiye mwenye uwezo wa kuamua tukae ndani lini. Mara zote tano tumetangaziwa hela zinakwenda wapi. Kutangaza ni rahisi. Kurudi baada ya mwaka na kusema "zilikuwa kadhaa, zimetumika hivi, zimebaki hivi" ndiyo kazi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sitaki sherehe zifutwe. Nataka ziwe na bei inayoonekana. Gharama ya Mwenge ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata kabla haujafika, na matumizi yabandikwe mwezi mmoja baada ya kuondoka. Mchango wa hiari uwe na risiti, na asiukusanye mtu ambaye mtoaji anamwogopa. Sherehe ikifutwa, taarifa ya zile hela isomwe bungeni mwaka unaofuata. Basi, mambo matatu tu, wala hayahitaji mfadhili.

Tazameni Ruangwa siku ya mechi ya Namungo pale Uwanja wa Majaliwa. Mtu anatoa hela yake mfukoni, anakata tiketi, anapiga kelele mpaka sauti inakauka, timu ikifungwa anarudi nyumbani amenuna lakini hadai. Aliijua bei getini, akakubali. Raha ya namna hiyo hakuna anayeilalamikia.

Naomba kutoa hoja. Mliopo Liwale, Masasi, Lindi mjini, huko kwenu karatasi ya mchango ikija mnafanyaje?