Kimondo Kina Sheria, Stesheni Je?

Ndugu zangu wa Tunduma, Vwawa, Mlowo na Songwe nzima,

Kimondo chetu pale kilima cha Marengi, Mbozi, kinalindwa kisheria tangu 1967. Kisogelee uone kovu la msumeno, pale kilipokatwa kipande. Leo anayethubutu ana kesi ya kujibu. Sasa tuulizane habari ya majengo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Kwetu nani ana nyumba ya umri huo? Wamisionari Wamoraviani wenyewe waliianzisha misheni ya Mbozi mwaka 1899. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa 1970, ikakabidhiwa 1976. Jengo la rika hilo halina kinga mpaka Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Likishatangazwa halibomolewi wala kubadilishwa bila kibali. Mwenye nyumba hanyang'anywi nyumba yake, maana najua hofu hiyo ipo.

Kwa nini tuombe majengo yetu yatangazwe sasa? Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilisaini mkataba na kampuni ya Kichina, CCECC, kuifufua TAZARA kwa dola bilioni 1.4. Heri! Treni ya kusuasua imetuchosha. Ila mafundi wakishaingia kazini, ni rahisi jengo zima kuvuliwa sura yake na kuvalishwa vioo na alumini. Stesheni ya Tunduma ni ya mwisho upande wetu, kwenye reli iliyojengwa ili Zambia ifike baharini bila kupita Rhodesia ya walowezi. Watengeneze reli, paa linalovuja na vyoo (vyoo hasa), ila uso wa jengo na ukumbi wa abiria vibaki.

Wenye nyumba kongwe za tofali za kuchoma, msizipige plasta ya saruji. Ukuta uliojengwa kwa udongo au chokaa hupumua. Ukiuziba, unyevu hubaki ndani na tofali humomonyoka. Tumieni chokaa. Hapo hakuna wa kumsubiri.

Kwenye mkutano ujao wa mtaa au kijiji, ombeni majengo ya kale yawe ajenda. Andikeni jengo, mwaka wake, mmiliki na matumizi yake. Pigeni picha pande zote nne. Muhtasari ukishasainiwa, diwani aupeleke halmashauri, nakala iende Idara ya Malikale, Wizara ya Maliasili na Utalii. Wa Tunduma, anzeni na stesheni, kabla mkandarasi hajashusha vifaa.